Fidia ya madhara ya chanjo Marekani: tarehe ina nguvu kuliko maumivu

Kuna mstari mmoja mfupi ambao nesi anauandika kwenye faili la mgonjwa bila hata kufikiria mara mbili: "maumivu ya bega la kushoto, wiki mbili". Mgonjwa mwenyewe alichomwa sindano ya mafua wiki sita kabla, bega likaanza kuuma usiku uleule, akameza vidonge vya maumivu, akajiambia litapoa, halikupoa, na siku alipoenda hospitali akaulizwa limeanza lini akajibu kama tunavyojibu wote, aah kama wiki mbili hivi ndo limezidi. Nesi kasikia wiki mbili, kaandika wiki mbili. Miaka miwili baadae wakili wa serikali anafungua lile faili, anahesabu siku, anaona kati ya sindano na maumivu kuna pengo la mwezi mzima, na dai linaanza kuyumba hapohapo, huku aliyeumia anashangaa maana yeye anajua fika mkono wake umeanza kuuma lini.

Nimeanza na bega makusudi. Zaidi ya nusu ya madai ya fidia ya chanjo yanayofunguliwa Marekani miaka ya karibuni ni ya bega, na watu wengi hawalijui hilo, wakisikia madhara ya chanjo wanawaza mambo makubwa ya kutisha tu. Alafu bega linaonyesha vizuri kitu ambacho naona watu wanakosea sana: huu mfumo haukuulizi nani kakosea, unakuuliza nini kimetokea mwilini mwako na kimetokea lini. Ukiingia na hasira ya kumtafuta mkosaji unachoka bure, nguvu zote zinatakiwa ziende kwenye tarehe na karatasi.

Sasa tuanze na hili la "nitaishtaki kampuni". Kwa chanjo nyingi za kawaida huwezi kwenda moja kwa moja kuishtaki kampuni iliyotengeneza wala nesi aliyekuchoma. Sheria inasema lazima kwanza upite kwenye mpango wa kitaifa wa fidia ya madhara ya chanjo, wenyewe wanauita VICP. Na kuna sababu ya kihistoria ambayo ukiijua mambo mengine yote yanakaa sawa.

Rudi 1955. Aprili mwaka huo chanjo ya polio ya Jonas Salk ilitangazwa kwamba inafanya kazi, wazazi wakashangilia nchi nzima, na ndani ya wiki chache ikagundulika kwamba maabara ya Cutter kule California imetoa dozi ambazo virusi vyake havikuuawa sawasawa, vingine vilikuwa bado hai. Watu wapatao 40,000 walipata polio, wengi ile nyepesi, lakini 200 walipooza kwa viwango tofauti na 10 wakafa. Kesi ilipofika mahakamani, mwaka 1958 juri ikatoa jibu ambalo liliwashtua watu wa sheria: ikasema kampuni haikuzembea, ila ilipe hivohivo, kwa sababu umeuza chanjo ukiahidi ni salama na haikuwa salama. Yaani kwa mara ya kwanza kwenye chanjo malipo yakatenganishwa na kosa.

Wazo lilikuwa zuri kwa aliyeumia, lakini likaja kuzaa tatizo. Miaka ya mwanzo ya 1980 zikamiminika kesi za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, wazazi wakidai imewaharibu watoto wao ubongo, na kampuni zikapiga hesabu zikaona chanjo hailipi kama kila mwaka unalipa mawakili kuliko unachouza. Moja moja zikajitoa, bei ikapanda, dozi zikaanza kuadimika. Na upande wa pili wazazi nao hali ilikuwa mbaya, kesi inachukua miaka na miaka, wakili anakata fungu lake kubwa, na wengi wanashindwa wanarudi nyumbani na mtoto mgonjwa na mikono mitupu. Kwa hiyo sheria ya 1986, ambayo Rais Reagan aliisaini, na ambayo wazazi wenyewe walikuwa miongoni mwa walioipigania, ilikuwa ni makubaliano ya pande mbili: kampuni zipate utulivu ziendelee kutengeneza, na aliyeumia alipwe bila kulazimika kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Kazi ikaanza Oktoba 1988.

Pesa inatoka wapi, hapa ndo mahali mimi binafsi napapenda. Kila dozi ya chanjo iliyomo kwenye mpango ina kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa inaoukinga. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inakinga magonjwa matatu, kwa hiyo kodi yake ni dola 2.25. Hiyo inaingia kwenye mfuko, na mfuko ndo unalipa. Kwa hiyo kila anayechanjwa akaondoka salama, na ndo karibu wote, kamchangia yule mmoja ambaye hakuondoka salama, na huyo mmoja anapoenda kudai haombi sadaka, anadai chake. Nikiona mtu aliyeumia anaonea haya kudai eti ataonekana anapinga chanjo roho inaniuma kweli, maana mpango umewekwa kwa ajili yake na watu wanaoziamini chanjo.

Dai lenyewe linafunguliwa kwenye mahakama ya madai ya shirikisho iliyoko Washington. Anayeshtakiwa kwenye karatasi ni Waziri wa Afya, na wanaomtetea ni mawakili wa Wizara ya Sheria. Hakuna juri. Anayesikiliza ni hakimu maalum wa kesi hizi tu, na kisheria hawa mahakimu hawatakiwi kuzidi 8 kwa nchi nzima, ndo maana foleni ni ndefu na kesi kukaa miaka miwili mitatu, hata zaidi, si ajabu. Huhitaji kuwa raia, kikubwa ni kwamba ulichanjiwa ndani ya Marekani au maeneo yake, na hapo mtu mzima na mtoto wote wanaruhusiwa. Na chanjo yenyewe lazima iwe kwenye orodha, yaani zile zinazopendekezwa kutolewa kwa watoto kwa utaratibu wa kawaida au kwa wajawazito. Mtu mzima aliyechoma ya mafua anaingia kwa sababu mafua wanachanjwa na watoto pia, lakini aliyechoma ya mkanda wa jeshi, ile ya wazee, haimo, na mtu anaweza kuhangaika miezi ndo aje agundue hilo.

Kuna na kizingiti cha uzito. Madhara lazima yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yamesababisha ulazwe hospitali na ufanyiwe upasuaji, au mtu awe amefariki. Homa ya siku mbili na mkono kuvimba haviingii.

Tuje kwenye moyo wa jambo lenyewe, ambao ni Jedwali. Sheria imeambatanishwa na jedwali la madhara, na kila mstari una vitu vitatu: chanjo gani, madhara gani, na yanatakiwa yaanze ndani ya muda gani. Ukiangukia ndani ya mstari, sheria inachukulia kwamba chanjo ndo imesababisha, wewe huna tena kazi ya kuthibitisha, ni serikali sasa ndo itafute sababu nyingine kama ipo. Mzio mkali wa ghafla, ule wa koo kubana na presha kushuka, ni ndani ya saa 4. Ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu na miguu inaanza kuisha nguvu, baada ya chanjo ya mafua ni kuanzia siku ya 3 mpaka ya 42. Ubongo kuathirika baada ya chanjo ya surua ni siku ya 5 mpaka ya 15. Utumbo wa mtoto kujiingiza ndani ya utumbo mwenyewe baada ya chanjo ya rota ni siku ya 1 mpaka ya 21.

Angalia hizo namba vizuri, hazina mwisho tu, zina na mwanzo. Watu wengi wanaamini madhara yakija haraka sana ndo ushahidi unakuwa mkubwa, kumbe inategemea. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vinahitaji siku kadhaa kuzaliana mwilini kabla ya kuleta chochote, kwa hiyo mtoto akipata degedege la homa siku ya 8 inaeleweka kibaiolojia, lakini akiharibika ubongo saa mbili baada ya sindano hiyo hesabu haikubali. Hivohivo Guillain-Barré, kinga ya mwili inahitaji muda wa kutengeneza silaha ambazo kwa bahati mbaya zitaigeukia mishipa yake yenyewe. Miguu ikianza kuisha nguvu jioni ileile ya sindano, uwezekano mkubwa ni kwamba kilichosababisha kilikuwepo mwilini tangu kabla. Kwa hiyo anayetia chumvi akasema "yaani nilitoka pale mlangoni tu hapohapo" akidhani anaipa kesi nguvu, anaweza akawa anaiua kwa mdomo wake.

Bega liliingizwa kwenye Jedwali 2017, na 2021 kulikuwa na jaribio la kuliondoa ambalo halikufika mbali, likafutwa miezi michache baadae. Linavyotokea ni hivi: sindano inatakiwa iingie kwenye nyama ya msuli, sasa ikichomwa juu sana karibu na mfupa wa bega, dawa inaingia kwenye kile kifuko cha majimaji kinacholainisha kiungo, na kinga ya mwili inawaka moto mle ndani. Sio mkono kuuma siku mbili kama kawaida, ni mtu kushindwa kufunga sidiria, kushindwa kufika kwenye kabati la juu, kulala upande mmoja miezi. Masharti yake: hukuwa na maumivu kwenye bega hilo kabla, yameanza ndani ya saa 48, yako kwenye bega lililochomwa tu pamoja na kushindwa kulizungusha, na hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza. Ukisoma hapo utaona hakuna mahali pameandikwa uthibitishe nesi alichoma vibaya. Hata jina lake hulihitaji. Unachohitaji ni rekodi inayosema mkono gani, na hii nayo ni mtihani, kuna maduka ya dawa yanachanja watu wengi kwa siku na fomu zao zinakuja zimejazwa "kushoto" kwa mazoea hata kama ulichomwa kulia. Kabla hujatoka pale mlangoni tazama karatasi yako, uone wameandika mkono gani.

Na kama madhara yako hayamo kwenye Jedwali? Mlango haujafungwa ila mzigo unahamia kwako. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliweka vipimo vitatu ambavyo mpaka leo ndo vinatumika. Uwe na maelezo ya kitabibu yanayoonyesha chanjo hii inawezaje kuleta madhara haya. Uwe na mtiririko unaoeleweka kwamba kwako wewe ndivyo ilivyotokea, sio tu kwamba inaweza kutokea kwa mtu fulani duniani. Na muda kati ya sindano na dalili uwe unaendana na hayo maelezo. Kiwango cha ushahidi sio uhakika wa kisayansi wala sio kile cha kesi ya jinai, ni mizani kuinama kidogo tu upande wako, lakini ili iiname unahitaji daktari bingwa aandike ripoti, asimame aulizwe maswali, na serikali nayo inaleta wake, tena wazuri.

Hapa lazima niseme kitu ambacho wengine hawatakipenda. Neno "baada" na neno "kwa sababu" sio neno moja. Watoto wachanga wanachanjwa wakiwa na miezi 2, miezi 4, miezi 6, na huo ndo umri ambao magonjwa mengi ya kuzaliwa nayo yanajitokeza kwa mara ya kwanza, kwa hiyo hata chanjo ingekuwa maji matupu bado kuna watoto wangeanza degedege kesho yake. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichukua wagonjwa 14 ambao wote walikuwa wamehesabiwa kwamba chanjo ya kifaduro imewaharibu ubongo, wakawapima vinasaba, 11 kati yao wakakutwa na hitilafu kwenye jeni moja inayoleta kifafa kikali cha utotoni ambacho kingekuja tu, chanjo iwepo isiwepo. Homa ya chanjo iliwasha degedege la kwanza, haikuutengeneza ugonjwa. Wazazi wa wale watoto hawakudanganya, walichokiona walikiona kwa macho yao, mtoto alikuwa mzima jana na leo anatupa mikono. Ila macho yanaona mfuatano, sababu yenyewe hayaioni. Ndo maana pia familia zaidi ya 5,000 zilizodai kwamba chanjo zimewaletea watoto wao usonji, kesi zao za mfano zilisikilizwa kwa kina, na maamuzi ya 2009 na 2010 yote yakawa hapana.

Ukikataliwa haimaanishi umeitwa mwongo, na ukilipwa nako haimaanishi kile watu wanachokimbilia kusema. Karibu asilimia 60 ya malipo yote yanatoka kwa maelewano kati ya pande mbili, serikali inalipa huku haijakubali kwamba chanjo ndo sababu, wanaona kesi inaweza kwenda popote basi heri tukutane katikati. Tangu 1988 zimelipwa zaidi ya dola bilioni 5, namba hiyo inatishia ukiiona peke yake, lakini ukichukua idadi ya waliolipwa ukailinganisha na dozi zilizotolewa, inakuja kama mtu 1 aliyelipwa kwa kila dozi milioni 1. Mtu anayekuletea ile bilioni 5 bila kukwambia hii ya chini yake anakuficha nusu ya habari.

Tarehe ya mwisho ndo inayoua madai mengi kimyakimya. Una miaka 3, na haihesabiwi tangu siku daktari alipokupa jina la ugonjwa, wala tangu siku ulipogundua kwamba chanjo inaweza kuhusika, inahesabiwa tangu dalili ya kwanza kabisa ilipojitokeza. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ililisisitiza hili, kwamba saa inaanza kukimbia hata kama wewe wala daktari wako hamkuwa na wazo lolote. Ganzi ya vidole uliyoipuuza inaweza kuwa ndo siku ya kwanza. Kwa kifo ni miaka 2 tangu kufariki, na isizidi miaka 4 tangu dalili ya kwanza. Na kwa mtoto saa haimsubiri akue, mzazi ndo afungue kwa niaba yake ndani ya miaka hiyohiyo 3, hakuna cha kusema atadai mwenyewe akifika 18. Sheria hii naiona kali mno, tena kwa mzazi ambaye miaka miwili ya mwanzo anashinda wodini hajui hata leo ni siku gani.

Kosa lingine linalofanana na hilo ni kudhani umeshadai kumbe umeripoti tu. Kuna mfumo unaitwa VAERS, ulianza 1990, mtu yeyote anaweza kuandika humo kwamba nilichanjwa kikatokea hiki, na ni mzuri kwa sababu wataalamu wanautumia kunusa matatizo mapya. Lakini ripoti ya VAERS sio dai, haisimamishi saa, haifungui faili mahakamani, haikuletei hata senti. Mtu kajaza fomu ile, kapata namba, kaiweka kwenye droo, anasubiri wampigie. Hakuna atakayempigia kuhusu fidia.

Wakili je? Hapa mpango una jambo jema ambalo ningependa liigwe kwingine. Wakili wako analipwa na mfuko, tofauti na fungu lako, na hata ukishindwa analipwa mradi dai lilifunguliwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi unaoeleweka. Haruhusiwi kukukata asilimia ya fidia. Wakili wa kesi hizi akikwambia theluthi ni yake, inuka uondoke. Unaweza ukajisimamia mwenyewe, sheria inaruhusu, ila kwa madhara yaliyo nje ya Jedwali sikushauri hata kidogo, wenzako upande wa pili wanafanya kazi hii kila siku.

Na hizi za UVIKO? Haya maelezo yote hayazihusu, na watu wengi wameumizwa na kutojua hilo. Chanjo za UVIKO kule Marekani ziko chini ya mpango mwingine wa dharura, CICP, ambao hauna mahakama wala hakimu, Wizara ya Afya yenyewe inapokea, inaamua, na ukitaka wakili unamlipa mwenyewe. Muda ni mwaka 1 tu tangu siku ya kuchomwa. Maumivu na mateso hawalipi, wanalipa gharama za matibabu na sehemu ya mshahara uliopotea, tena baada ya bima yako kumaliza kulipa kwanza. Madai yaliyoingia ni zaidi ya 10,000 na waliolipwa mpaka sasa ni makumi tu. Tofauti kati ya mipango hii miwili ni kubwa kiasi kwamba mtu aliyepata madhara yaleyale kwenye bega lilelile, mwaka uleule, mmoja kwa sindano ya mafua na mwingine kwa sindano ya UVIKO, wanaishia sehemu mbili tofauti kabisa, na hiyo mimi siwezi kuitetea.

Nchi nyingine wana njia zao. Ujerumani walianza zamani, sheria yao ni ya 1961, msingi wake ni kwamba mtu aliyeumia akiilinda jamii basi jamii inadaiwa naye. Uingereza sheria yao ni ya 1979, wanatoa kiasi kimoja kwa wote, pauni 120,000, lakini uwe umelemaa kwa asilimia 60 au zaidi, na ili ujue hiyo ni kiasi gani, kwenye vipimo vyao kupoteza kiganja chote cha mkono mmoja ndo asilimia 60. Asilimia 59 hupati kitu. Ila wao kwenye muda ni wapole, una miaka 6, na aliyechanjwa utotoni anaweza kudai mpaka afike 21. Wakati wa UVIKO uliwekwa pia mpango wa kimataifa kupitia COVAX, ule utaratibu wa kugawa chanjo za UVIKO duniani, kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, wa kwanza wa aina yake duniani, malipo ya mkupuo kwa aliyepata ulemavu wa kudumu au kufariki, na ukipokea unasamehe haki ya kushtaki. Lakini ukitoa hizo chanjo za dharura, hesabu iliyofanywa 2018 ilikuta nchi 25 tu duniani zenye mpango wa namna hii, zilizobaki unaambiwa nenda mahakamani ukathibitishe uzembe, na uzembe kwa madhara adimu ambayo yanatokea hata kila mtu akifanya kazi yake vizuri, utauthibitisha wapi?

Tumalizie na ukishinda VICP unapata nini. Kwa kifo ni dola 250,000. Kwa maumivu na mateso mwisho ni dola 250,000 hizohizo, kiwango cha 1986 ambacho hakijaguswa mpaka leo pamoja na maisha yote kupanda. Lakini gharama za matunzo na mshahara uliopotea havina ukomo kama huo, na kwa mtoto aliyeharibika vibaya hapo ndo fungu kubwa linapokaa. Anakuja mtaalamu, mara nyingi ni nesi mzoefu, anakaa nyumbani kwenu siku nzima na daftari. Anahesabu nepi kwa siku. Anapima upana wa mlango kama kiti cha magurudumu kinapita. Anauliza kiti kinachakaa baada ya miaka mingapi, dawa ya kifafa ni chupa ngapi kwa mwezi, nani anamgeuza mtoto usiku na wewe unalala saa ngapi, na ukifika umri ambao huwezi tena kumbeba ngazi zile atambeba nani. Serikali nayo inaleta mtaalamu wake, naye anahesabu vyake, wanabishana mpaka kwenye idadi ya glavu. Yakipatana inanunuliwa bima inayolipa kila mwaka kwa maisha yote ya mtoto, na mzazi anapewa siku 90 za kuamua anakubali hukumu au anaikataa akajaribu bahati yake mahakama ya kawaida, na kwa sababu 2011 mahakama kuu kabisa iliziba njia ya kudai kwamba chanjo ilibuniwa vibaya, wengi wanasaini. Kabla ya kusaini rudi kwenye ile orodha ya nesi uisome yote mstari kwa mstari, maana kitu ambacho hakikuandikwa siku ile, iwe ni kitanda, iwe ni msaidizi wa usiku, hutakuwa na mlango wa kurudi kukiomba mtoto akiwa na miaka 30.